2147483647: nambari iliyoniamsha saa nane usiku

Najua nimekuwa kimya hapa kwa muda, kazi zimenibana. Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha wala sitaki kulalamika tena kuhusu bei ya intaneti. Nataka kuwasimulia historia ya nambari moja tu. Kama unaandika programu umeshakutana nayo, na kama bado, subiri, utakutana nayo. Ni 2147483647.

Mimi nilikutana nayo miaka kadhaa iliyopita, saa nane usiku. Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni fulani (jina nalihifadhi) iliyokuwa ikifuatilia malori barabarani. Kila lori lilifungwa kidude kilichotuma mahali lilipo kila baada ya sekunde chache, na kila ujumbe ukaingia kwenye meza moja ya hifadhidata na kupewa nambari yake ya utambulisho. Usiku huo mwenzangu wa zamu akanipigia simu. "Buda, amka. Malori yote yamesimama." Nikamuuliza yamesimama wapi. "Kila mahali. Mlolongo, Mtito Andei, Salgaa. Yamesimama yote kwa dakika moja."

Malori hayakuwa yamesimama, bila shaka. Yalikuwa yanakata lami kama kawaida, ila sisi ndio tuliokuwa tumeacha kuyaona. Nilipofungua kumbukumbu za seva nikakuta mstari mmoja wa kosa umejirudia maelfu ya mara, na ndani ya kila mstari nambari ile ile, 2147483647. Safu ya utambulisho ilikuwa ya aina ya INT. Ilikuwa imefika mwisho, na kila ujumbe mpya ulipewa nambari ambayo tayari ilikuwa na mwenyewe, ukakataliwa mlangoni. Kilichotufumba macho ni kwamba kila mwezi tulikuwa tukihamisha rekodi za zamani kwenda kwingine, kwa hiyo meza yenyewe ilionekana ndogo kabisa. Hakuna aliyekumbuka kwamba rekodi zinaondoka lakini hesabu hairudi nyuma.

Kurekebisha hakukutuchukua muda mrefu, maana meza ilikuwa ndogo kweli. Tulibadilisha aina ya safu, na kabla ya saa kumi alfajiri malori yakaanza "kutembea" tena. Asubuhi meneja akauliza swali la haki: kwa nini nambari hiyo hasa? Nikamjibu haraka haraka kwamba ndiyo mwisho wa biti 32, akaridhika. Mimi sikuridhika. Nilipoanza kuichimba ndipo nikajua kwamba nambari hii ilikuwa na jina kubwa karibu miaka mia mbili kabla ya kompyuta ya kwanza kuwashwa, na kwamba watu waliibishania bila kuwa na seva wala malori.

Tuanze na yenyewe. Chukua mbili 31, zizidishe zote pamoja, kisha utoe 1. Nitaiandika 2^31 − 1 kama tulivyozoea sisi waandishi wa programu. Sifa yake kubwa ni kwamba ni nambari tasa, yaani hakuna nambari inayoigawanya bila kuacha baki isipokuwa 1 na yenyewe. (Nikiwa hapo hapo: aliyezipa nambari hizi jina la "tasa" alizionea. Kweli hazigawanyiki, lakini ukizizidisha zenyewe kwa zenyewe unapata nambari nyingine zote. Kama kuna tasa mwenye wajukuu wengi hivyo, simjui.)

Wazee wa hisabati hawakuipenda 2^31 − 1 kwa ajili yake yenyewe. Walikuwa wakitafuta nambari timilifu, yaani nambari ambayo ukijumlisha vigawanyo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe unairudia. 6 ni 1 + 2 + 3. 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Halafu 496, halafu 8128. Euclid, Mgiriki wa zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alikuwa ameonyesha njia: ukipata nambari tasa ya aina ya 2^p − 1, izidishe kwa 2^(p − 1) na umepata timilifu. Kwa hiyo kazi yote ikageuka kuwa msako wa nambari tasa za aina hiyo. Ni lazima p yenyewe iwe tasa, lakini hilo halitoshi. 2^11 − 1 ni 2047, na Hudalricus Regius alionyesha mwaka 1536 kwamba hiyo ni 23 × 89.

Hapo anaingia Pietro Cataldi wa Bologna, Italia. Huyu bwana alifanya kazi safi: mwaka 1588 alithibitisha kwamba 2^17 − 1 na 2^19 − 1 ni tasa, kwa kujaribu kuzigawanya kwa kila nambari tasa moja baada ya nyingine. Hakuna haja ya kujaribu hadi mwisho; unaishia kwenye kipeuo cha pili cha nambari yako, kwa sababu kama ina kigawanyo kikubwa lazima iwe na kidogo kinacholingana nacho. Kipeuo cha pili cha 2^19 − 1 ni kama 724, na jedwali la nambari tasa alilolitengeneza Cataldi lilifika 750. Likamtosha kabisa.

Lakini Cataldi hakuishia hapo. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1603 alitangaza kwamba ukiweka 23, 29, 31 na 37 mahali pa p pia utapata tasa. Jedwali lake halikufika huko hata kwa mbali. Kwa 31 angehitaji kufika 46340. Sisi tungesema alipeleka kodi kwa mteja bila kuijaribu. Na ikamlipukia: mwaka 1640 Fermat alionyesha kwamba 2^23 − 1 inagawanyika kwa 47 na 2^37 − 1 kwa 223, na mwaka 1738 Leonhard Euler akaiangusha 2^29 − 1 kwa 233. Katika nne, tatu zikawa zimekufa. Ikabaki 31 peke yake, na hakuna aliyejua kama inasimama kwa ukweli au kwa sababu hakuna aliyewahi kuisukuma.

Katikati ya hayo alikuwepo Marin Mersenne, mtawa wa Paris aliyekuwa kama posta ya wanasayansi wa wakati wake; kila mtu alimwandikia na yeye akasambaza. Mwaka 1644 alichapisha orodha ya p zote hadi 257 ambazo alidai zinatoa tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Uthibitisho hakutoa. 67 na 257 ni makosa, na 61, 89 na 107 alizisahau. Kuikagua orodha yote kulichukua hadi mwaka 1947, miaka 303, na bado nambari hizi zinaitwa kwa jina lake. (Walioajiriwa ofisini wanajua kwamba hili si jambo geni.) 31 ilikuwemo kwenye orodha, lakini kuwemo kwenye orodha ya namna hiyo si ushahidi.

Sasa twende mwaka 1772, St. Petersburg, Urusi. Euler ana miaka 65. Jicho la kulia lilikuwa limekwenda zamani, na la kushoto lilikuwa limezibwa na mtoto wa jicho. Madaktari walilipasua, likaona kidogo, kisha likazima. Mwaka mmoja kabla yake nyumba yake ilikuwa imeungua. Kazi alizifanya kichwani, huku wanawe na wasaidizi wakiandika anayoyasema. Katika barua kwa mmoja wa ukoo wa Bernoulli, ile familia ya wanahisabati kutoka Basel, anaeleza kwamba 2^31 − 1 ni tasa kweli, na kwamba hakuhitaji kujaribu nambari zote hadi 46340 ili kujua.

Njia aliyopita inafaa kuelezwa polepole, maana kwa mtu wa kodi ni tamu sana. Ukijaribu kila nambari witiri hadi 46340, una majaribio zaidi ya 23,000. Ukiwa na jedwali la nambari tasa, yanabaki kama 4,800. Euler aliyapunguza hadi 372.

Chukua nambari tasa yoyote, tuiite q. Anza na 1, zidisha kwa 2, zidisha tena kwa 2, na kila ukipita q, gawanya kwa q na ubaki na baki tu. Kwa 7 utapata 1, 2, 4, halafu 1 tena. Unazunguka kama matatu ya mjini: vituo ni vilevile na mwishowe unarudi stejini. Mzunguko wa 7 una hatua 3. Ukijaribu 23 utaona mzunguko wake una hatua 11. Fermat alikuwa ameshagundua kwamba baada ya hatua q − 1 lazima uwe stejini, kwa nambari tasa yoyote isiyo 2. Maana yake urefu wa mzunguko lazima uigawanye q − 1 sawasawa.

Sasa tuseme q inaigawanya 2^31 − 1. Hiyo ni sawa na kusema kwamba 2^31 inaacha baki 1, yaani baada ya hatua 31 uko stejini. Urefu wa mzunguko basi unaigawanya 31. Lakini 31 ni tasa! Mzunguko ni wa hatua 1 au 31, na wa hatua 1 hauwezekani kwa sababu 2 si 1. Kwa hiyo ni 31, na 31 inaigawanya q − 1. Na kwa kuwa q ni witiri, q − 1 ni shufwa, basi 62 inaigawanya q − 1. Kwa kifupi, q lazima iwe 62 mara kitu fulani, ongeza 1. Nambari nyingine zote hazina haja ya kusumbuliwa. Jaribu kwenye 2047 uone: badala ya 62 unatumia 22, na kweli 23 ni 22 + 1, na 89 ni 88 + 1.

Kuna kichujio cha pili, nacho ndicho kilichonifanya nitabasamu peke yangu. Kama 2^31 inaacha baki 1, basi 2^32 inaacha baki 2. Lakini 2^32 ni 65536 × 65536. Yaani katika ulimwengu wa baki za q, nambari 2 ina kipeuo cha pili, nacho ni 65536. Si kila nambari tasa inaruhusu jambo hilo. Zinazoruhusu ni zile tu ambazo ukizigawanya kwa 8 zinaacha 1 au 7. Changanya masharti yote mawili na utabaki na aina mbili tu za nambari: 248 mara kitu ongeza 1, na 248 mara kitu ongeza 63. Hizo ndizo aina mbili ambazo Euler anazitaja.

Hadi 46340, aina ya kwanza ina nambari 186 na ya pili 187. Toa 63 yenyewe ambayo inagawanyika kwa 3, zinabaki 372. Na hata hizo nyingi ni rahisi kutupa. Kumi za kwanza baada ya 63 ni 249, 311, 497, 559, 745, 807, 993, 1055, 1241 na 1303. Nane kati ya hizo zina vigawanyo vyao vidogo, kwa hiyo zinatoka. Zinabaki 311 na 1303. Gawanya 2147483647 kwa 311, unaacha baki 35. Kwa 1303, baki 226. Unaendelea hivyo mpaka mwisho, na hakuna hata moja inayoacha sufuri. Hapo umemaliza. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyehitaji kumwamini Cataldi wala Mersenne, wala hata Euler. Nilifanya kazi hiyo kwa programu ya mistari sita na ikaisha kabla kidole hakijatoka kwenye kitufe. Halafu nikakaa na karatasi na kalamu nikafanya nambari kumi tu kwa mkono, na heshima yangu kwa yule mzee ikapanda sana.

Ilikuwa nambari tasa kubwa kuliko zote zilizothibitishwa, na ilishikilia kiti hicho karibu karne nzima. Rekodi aliyoivunja ilikuwa yake mwenyewe: 6700417, iliyotokana na kazi yake ya mwaka 1732 alipoonyesha kwamba 2^32 + 1 ni 641 × 6700417. Hilo nalo lilikuwa dai la mtu mkubwa, maana Fermat alikuwa amesema 2^32 + 1 ni tasa. Angalia jinsi zilivyokaa karibu, 2^31 − 1 na 2^32 + 1. Madai mawili bila uthibitisho, na mtu yule yule akaenda kuyakagua yote mawili: moja likaanguka, jingine likasimama.

Mwaka 1811 Peter Barlow, Mwingereza aliyefundisha hisabati kwenye chuo cha kijeshi cha Woolwich, aliandika kuhusu nambari timilifu inayozaliwa na 2^31 − 1, yaani 2305843008139952128. Alisema hakuna atakayewahi kupata kubwa zaidi ya hiyo. Sababu aliyotoa ni kwamba nambari hizi ni za udadisi tu, hazina faida, kwa hiyo nani atajisumbua? Kwa ubashiri huo Barlow hakufika mbali. Mwaka 1867 Mfaransa Landry alipata nambari tasa 3203431780337. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alithibitisha 2^127 − 1, yenye tarakimu 39, na mwaka 1883 kasisi wa Urusi, Ivan Pervushin, akathibitisha 2^61 − 1 ambayo Mersenne aliisahau. Watu hujisumbua. Oktoba 2024 ilitangazwa 2^136279841 − 1, yenye tarakimu zaidi ya milioni 41, iliyopatikana kwa kutumia kadi za michoro za kompyuta.

Njia ya Lucas, ambayo Mmarekani D. H. Lehmer aliinyoosha katika miaka ya 1930, haigawanyi chochote kwa kujaribu. Anza na 4. Izidishe yenyewe, toa 2, chukua baki kwa 2^p − 1. Rudia mara p − 2. Ukiishia sufuri ni tasa, usipoishia sufuri si tasa. Kwa 31, ambayo ni 2^5 − 1: 4, kisha 14, kisha 8, kisha 0. Kwa nambari yetu zinatosha hatua 29 badala ya majaribio 372.

Lehmer huyo huyo ndiye anayetuleta kwenye faida ambayo Barlow hakuiona. Kompyuta zilipoanza kutumika, wanasayansi walihitaji nambari za kubahatisha kwa wingi. Lehmer alipendekeza mwaka 1949 njia rahisi ajabu: chukua nambari, izidishe kwa kizidishio fulani, gawanya kwa nambari fulani kubwa, baki ndiyo nambari yako inayofuata. Ubora wote unategemea nambari mbili ulizochagua. Na watu walichagua vibaya. Katika miaka ya 1960 programu iliyoitwa RANDU ilienea kwenye mashine za IBM. Ilizidisha kwa 65539 na kuchukua baki kwa 2^31. Mwandishi wa programu anaipenda 2^31 kwa sababu kuchukua baki ni kutupa biti za juu tu, kazi ya bure. Lakini biti ya mwisho haibadiliki kamwe, ukianza na witiri utabaki na witiri milele, na mzunguko mzima hauwezi kuzidi robo ya nafasi iliyopo. Juu ya hayo kizidishio chenyewe kilikuwa kibovu: ukizipanga nambari zake tatu tatu kama nukta kwenye sanduku, zote zinaangukia kwenye tabaka 15 tu, kama chapati zilizopangwa. Utafiti uliotegemea nambari hizo ulibaki na alama ya kuuliza.

Sogea hatua moja chini, kwenye 2^31 − 1, na hali inabadilika, kwa sababu sasa moduli yako ni tasa. Kwenye moduli tasa kuna vizidishio ambavyo mzunguko wake unapita kila nambari kuanzia 1 hadi 2147483646 bila kuruka hata moja kabla ya kurudi stejini. Kidogo kuliko vyote ni 7. Lakini 7 ni kidogo mno, ukizidisha nambari ndogo kwa 7 unapata nambari ndogo tena, hakuna bahati hapo. Basi unatafuta kipeo cha 7 kilicho kikubwa zaidi lakini kisichoharibu mzunguko. Vigawanyo vya tasa vya 2147483646 ni 2, 3, 7, 11, 31, 151 na 331. Kipeo chako kisishiriki chochote na hivyo. 2 haifai, 3 haifai, 4 haifai. 5 inafaa. 7^5 ni 16807, na ndicho kizidishio ambacho Lewis, Goodman na Miller walikitumia mwaka 1969 kwenye IBM System/360. Mwaka 1988 Park na Miller waliandika makala wakisema kwamba kama huna kitu bora, angalau tumia hiki. Kimo ndani ya lugha ya C++ mpaka leo kwa jina la minstd_rand0. Ukianza na 1 unapata 16807, kisha 282475249, na nambari ya elfu kumi lazima iwe 1043618065; ikiwa si hiyo, umekosea mahali. (Usikitumie kwa siri wala kwa bahati nasibu ya fedha. Mzunguko wa bilioni mbili ni mdogo kwa mashine za sasa.)

Na kuchukua baki je, hakukuwa ghali? Hapana, na hapa ni ile hesabu ya darasa la nne. Unakumbuka kwamba ili kujua kama nambari inagawanyika kwa 9 unajumlisha tarakimu zake? Ni kwa sababu 10 inaacha baki 1 ukigawanya kwa 9. Vivyo hivyo 2^31 inaacha baki 1 ukigawanya kwa 2^31 − 1. Kwa hiyo unakata jibu lako vipande viwili, biti 31 za chini na zile za juu, unajumlisha, basi. Huhitaji kugawanya.

Sasa lile swali la meneja wangu. Kwa nini mwisho wa INT ni nambari tasa ya Euler? Jibu la kweli ni kwamba ni sadfa tupu. Biti 32, moja inatunza alama ya kujumlisha au kutoa, zinabaki 31, na zote zikiwa 1 unapata 2^31 − 1. Ingekuwa 31 si tasa, nambari hii isingekuwa tasa pia. Angalia ndugu zake: mwisho wa biti 8 ni 127, tasa. Wa biti 16 ni 32767, ambayo ni 7 × 31 × 151. Wa biti 32, tasa. Wa biti 64 ni 9223372036854775807, inagawanyika kwa 7. Na wa biti 128 ni 2^127 − 1, ile ile ya Lucas. Ni kama mtu anayecheza kamare, ndiyo, hapana, ndiyo, hapana, ndiyo.

Lakini sadfa au la, huo ndio ukuta ambao mashine zetu zinagonga, na ukiongeza 1 mara nyingi unajikuta kwenye −2147483648. Desemba 2014 YouTube ilitangaza kwamba kihesabio chake kimepanuliwa kwenda biti 64 kwa sababu ya wimbo mmoja wa Psy wa Korea Kusini. Hilo lilikuwa la kuchekesha. Lisilochekesha ni agizo ambalo mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ililitoa mwaka 2015 kuhusu ndege za Boeing 787: ikiwa umeme wa ndege haujazimwa kwa siku 248 mfululizo, kihesabio ndani ya programu kinafurika, na vidhibiti vya jenereta vinaweza kujizima vyote kwa pamoja. Chukua 2147483648, zihesabu kama mia za sekunde, geuza ziwe siku: unapata siku 248 na nusu. (Ndiyo, 248 ile ile iliyo kwenye nambari za Euler. Usitafute maana, mimi nilitafuta nikakosa. Ya Euler ni 8 × 31 tu.) Dawa ya muda ilikuwa ni kuizima ndege na kuiwasha tena.

Halafu kuna kubwa lao. Mifumo ya Unix inahesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na ile iliyozitunza kwenye biti 32 zenye alama itafika 2147483647 tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa za hapa Kenya itakuwa Jumanne asubuhi, saa kumi na mbili, dakika 14 na sekunde 7. Sekunde inayofuata, mashine isiyorekebishwa itaamini ni Desemba 1901. Linux ilimaliza sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa mashine za biti 32 kwenye toleo la 5.6, mwaka 2020, lakini kuna vidude vingi vilivyofungwa ukutani, chini ya magari na ndani ya mita ambavyo havijasikia habari za toleo lolote.

Tangu ule usiku wa malori nina tabia moja. Kila nikipewa mfumo wa mteja mpya, kabla sijagusa kitu, naorodhesha kila safu ya utambulisho yenye aina ya INT na nambari yake kubwa kuliko zote. Simuulizi mtu kama iko sawa, naangalia mwenyewe. Wiki iliyopita nilikuta meza 11 katika mfumo mmoja. Kumi hazina tatizo, hazitafika milioni kumi hata wajukuu wetu wakizitumia. Ya kumi na moja, ya kumbukumbu za malipo, ilikuwa 1987204416. Nilipiga hesabu ya mwendo wake, nikapata siku 53. Tunaibadilisha Jumamosi hii usiku.